Muze Anasema Yupo

Msanzi
22 Julai 2024

Binti yangu Husna,

Natumaini hamjambo nyote hapo Katandala, na mguu wa baba yako mzee Suleimani umepungua kuvimba. Sisi huku tupo. Baridi ya mwaka huu haina adabu, upepo unaingia hata kwenye tundu la kufuli. Ulezi tumemaliza kupura, na mkwe wangu Rozina nimemkataza kubeba chochote kizito kuliko sahani, ingawa hanisikii. Katika nyumba hii kiziwi ni mimi, lakini asiyesikia ni yeye.

Nakuandikia kwa kalamu kama kawaida yangu, maana simu haina kazi masikioni mwangu na vile vibonye vyake vidole vyangu haviviwezi. Kaka yako Muhidin akipita na Fuso kuchukua mahindi nitampa bahasha hii mkononi.

Jana baada ya misa nilikaa mbele ya boksi, ile mashine yenye kioo, kama ninavyokaa kila siku tangu mwanangu Vitus alifunge hapa sebuleni kwangu. Unajua alivyonieleza siku ile, polepole, akiandika kwenye karatasi ili nisome. Alisema: Baba, maboksi ni matano, vituo vitano: Katandala, Kasense, Matai, Msanzi, Muze. Wote wanatunza Daftari la Damu, majina ya watu walio tayari kutoa damu mama akivuja wakati wa kujifungua. Kila sekunde kumi kila mmoja anawaambia wenzake neno moja tu: Nipo. Asiyesikika mara tatu mfululizo, jina lake linageuka jekundu kwenye kioo, na wenzake wanaendelea na kazi bila yeye.

Muze amekuwa mwekundu tangu tarehe 19 Machi. Huhitaji kukumbushwa. Boksi la Muze lilikuwa limeharibika, Vitus alishuka bondeni kulichukua, akawa analirudisha mjini kwenye begi mgongoni. Mto ulikuwa umejaa. Pikipiki waliipata kesho yake. Yeye hawakumpata, wala begi.

Husna, jana Muze alikuwa kijani. Nilifuta kioo kwa leso, nikavaa miwani, nikavua, nikavaa tena. "Muze: Nipo."

Sitaki unipoze. Nataka uniambie maana yake. Dada zangu wananisonga niombe misa ya marehemu, tumalize matanga, watu wapumzike, na mimi nimekataa miezi minne yote kwa sababu sijaona maiti. Walimfunga Rozina kitambaa cheusi kichwani, na mimba ile. Jana nilimwambia akivue. Alikivua, akakikunja vizuri, akakiweka chini ya godoro. Hakukitupa.

Nasubiri jibu lako.

Mwalimu Fabiani

*

Katandala, Sumbawanga
29 Julai 2024

Shikamoo Mwalimu,

Barua yako imefika na vumbi lote la Msanzi. Baba anasema marahaba ya salamu zako, mguu unaendelea vizuri, ila ulimi wake hata siku moja haukuvimba. Mjini hapa baridi tunaigawana na wewe.

Mwalimu, nimesoma barua yako mara nyingi na sijui nianzie wapi. Nianze na lile ninalolijua. Baina ya boksi na boksi hakuna macho. Anachojua mmoja juu ya mwenzake ni kile tu kilichomfikia. Asiposikia kitu, hawezi kabisa kujua kama mwenzake amekufa, au amechelewa, au njia ndiyo imekatika. Vitus alikuwa akisema hilo ndilo jambo gumu kuliko yote kwenye kazi yetu, na kwamba hata wataalamu wa Ulaya hawajapata dawa yake. Wanachofanya ni kukubaliana tu: tukingoja kiasi fulani bila kusikia, tutamhesabu hayupo.

Na kinyume chake kipo pia. Neno la zamani linaweza kukwama mahali njiani, kwenye mnara au kwenye boksi lingine, likafika baada ya siku nyingi. Unaweza kuwa unasikia mwangwi. Usijenge nyumba juu yake.

Naona nimeandika "amekufa" na "amechelewa" kana kwamba ni mtu. Ni Vitus aliyetuzoesha hivyo. Kasense anaumwa, Matai amelala, Msanzi mkali kama mwenye nyumba. Mpaka leo ulimi wangu haukubali kusema boksi "limelala".

Sasa nakuomba tena, na hii ni mara ya nne tangu Aprili. Katika orodha wamo watano, na Daftari halitoi jina la mtu mpaka watatu wawepo na wakubaliane. Ndiyo akidi yao. Kasense betri yake imekufa. Matai anasinzia kila mawingu yakitanda. Mmoja tu akianguka tena, nesi atauliza nani ana damu na atajibiwa: "Akidi haijatimia." Nina boksi jipya hapa, linangoja nafasi ya Muze. Lakini haliwezi kuingia mpaka Muze atolewe, na Vitus mwenyewe aliweka sheria kwamba mtu asitolewe kimyakimya. Walinzi wote waliobaki, sisi tunaotunza maboksi, lazima wabonyeze Kubali. Sote tumeshabonyeza. Umebaki wewe.

Mfikirie Rozina. Damu yake ni O hasi, na wenye damu hiyo kwenye Daftari zima hawajazi hata kiganja. Daftari hutoa jina moja tu kwa wakati mmoja, la aliye karibu zaidi, ili vituo viwili visimkimbilie mtu yule yule. La pili linangoja saa nzima ipite. Mwezi wa kumi na moja nataka Daftari liwe macho kwa ajili yake.

Binti yako,
Husna

*

Msanzi
11 Agosti 2024

Husna,

Nimeisoma barua yako kama nilivyokuwa nikisahihisha insha, na kalamu nyekundu mkononi. Umeandika ukurasa mzima kuhusu mwangwi. Mwangwi husikika mara moja, mbili, ukafifia. Huyu anaita kila sekunde kumi, wiki ya tatu sasa.

Kubonyeza sibonyezi.

Nikwambie jambo. Nimeita mahudhurio darasani kwa miaka thelathini na minane. Vitus alisoma darasa la tatu na la nne kwangu, na hilo neno "Nipo" amelitoa kwenye daftari langu la mahudhurio, hakulitoa Ulaya. Watoto walikuwa na mchezo wao. Mmoja akitoroka kwenda kutega ndege, mwenzake anamwitikia, anabadili sauti, "Nipo mwalimu!" Masikio yangu yalikuwa bado mazima, niliwakamata wote. Hukumkamata mtu kwa sauti, maana watoto ni mafundi wa sauti. Ulikuwa unamkamata kwa pumzi. Anayeitikia mara mbili huvuta pumzi mara moja.

Basi nimefungua daftari jipya, nimechora mistari, naandika kila saa Muze yupo au hayupo. Na hiki ndicho nilichokiona. Tarehe 1 umeme ulikatika mjini saa nne asubuhi, Katandala akawa mwekundu. Muze naye, papo hapo. Ulirudi saa saba, wakarudi pamoja. Tarehe 4 vivyo hivyo. Tarehe 8, mara mbili.

Nimelala na jambo hili siku tatu. Nimemuonyesha Rozina mistari yangu, akaenda jikoni akakaa.

Naomba unijibu kwa ufupi, bila wataalamu wa Ulaya. Mwanangu yuko kwako?

Mlisoma pamoja, mlifanya kazi pamoja, mlisafiri pamoja kwenye Fuso za kaka zako. Watu walikuwa wakisema, na mimi nilikuwa nikiwafukuza. Kama alivuka ule mto akaamua asirudi nyumbani, mwambie baba yake hana hasira. Nitakasirika baadaye. Kwanza nataka kujua anapumua.

Fabiani

*

Katandala
17 Agosti 2024

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Hayuko kwangu. Naapa kwa Mwenyezi Mungu, Vitus hayuko kwangu wala sijui mahali popote alipo chini ya jua hili.

Anayesema "Nipo" ni mimi.

Katikati ya Julai, Kasense alipokufa betri, tulibaki watatu, watatu kamili. Ukinyimwa umeme wewe, au mimi, Daftari zima linanyamaza. Nilishakuomba mara tatu umtoe Muze, ukakataa, na mimi sikuwa na moyo wa kuja Msanzi kukutazama usoni. Basi niliandika kijiprogramu kidogo ndani ya boksi langu, kinachosema "Nipo" kwa jina la Muze. Akidi ikawa na mtu wa nne. Ni mtu wa karatasi, lakini wenzake hawakujua. Sikufikiri kwamba kuna mzee anayekaa mbele ya kioo kuanzia misa ya kwanza. Barua yako ya Julai ilipofika, nilikuandikia habari za mwangwi. Ulikuwa uongo. Umenikamata kwa pumzi, kama watoto wako.

Kuna lingine, na hili sijamwambia hata mama yangu Mwanamvua. Siku ile ya tarehe 19 Machi, mimi ndiye niliyempigia Vitus. Nilimwambia Muze amenyamaza, shuka ukamtazame. Alisema mvua ni kubwa, tungoje kesho. Nikamtania kwamba ameoa sasa, amekuwa mwoga wa matope. Akacheka, akaenda. Sasa unaelewa kwa nini jina lake likibaki jekundu siwezi kulitazama.

Programu hii kuizima ni dakika moja. Lakini sitaki kukufanyia kitu kingine bila kukuuliza. Ukiniandikia neno "mzime", nitamzima siku hiyo hiyo, na utamwambia Rozina mwenyewe kwa namna unayoona wewe. Usiponiandikia, nitajua unataka aendelee, nami sitakuuliza tena kwa nini.

Nisamehe, Mwalimu.

Husna

*

Katandala
6 Oktoba 2024

Shikamoo Mwalimu,

Ni wiki saba sasa na hujaandika. Nimeelewa kimya chako. Ulisoma, ukaamua, na mimi nilisema sitakuuliza.

Basi nimemwacha. Yuko hapa hapa kwangu, chumba cha nyuma ya duka la baba, hana shida yoyote. Asubuhi nikiamka namtazama yeye kwanza kabla ya chai. Sijamwambia mtu, hata kaka zangu hawajui. Wakati mwingine naona ni dhambi, halafu nawaza kwamba labda kwako na kwangu ni nafuu abaki hivyo kuliko asiwepo kabisa.

Mpe Rozina salamu, ukiona inafaa.

Husna

*

Msanzi
3 Novemba 2024

Kwa Vitus, kwa mkono wa Husna, Katandala

Mume wangu,

Sijui kama utaisoma. Baba alinionyesha barua ya Husna, kwamba uko kwake chumba cha nyuma, na kwamba anakutazama kabla ya chai. Mwezi mzima sikuandika kwa sababu kila nikishika kalamu yalikuwa yanatoka maneno mabaya. Sasa yameisha, au nimechoka kuyabeba pamoja na tumbo hili.

Asubuhi ile ulipoondoka kulikuwa na jambo nilitaka kukwambia. Nikasema akirudi, nitamwekea maji ya moto, nitamwambia. Nilikuwa nimepitiliza wiki mbili tu. Kwa hiyo hukujua, na kwa hilo sikulaumu. Sasa ujue. Nesi amesema kuanzia tarehe kumi siku yoyote.

Baba ameshawaambia watu hapa kijijini kwamba u hai. Shangazi zako wameacha kuja. Mimi watu hawaniulizi kitu, ila nikipita kisimani wanaacha kuongea.

Sitakuuliza kwa nini. Sitamtukana Husna. Wewe ndiye uliyeniambia jinsi mama yako alivyomaliza damu kwenye machela ukiwa na miaka sita, na kwamba Daftari hili lote ulilitengeneza kwa ajili ya siku ile. Na damu yako na yangu ni moja, tulicheka sana siku tuliyopimwa. Naogopa, Vitus. Njoo siku hiyo tu, halafu kama una pa kurudi urudi.

Rozina

*

Katandala
Jumamosi, 16 Novemba 2024

Mwalimu,

Leo saa tatu asubuhi Muhidin ameniletea bahasha iliyoandikwa jina la Vitus. Mvua imeharibu barabara, imekaa njiani karibu wiki mbili. Nilikaa nayo mapajani. Nikasema barua ya marehemu haifunguliwi na mtu baki. Halafu nikaona nyuma imeandikwa Rozina, nikaifungua.

Sijawahi kuogopa maneno yangu mwenyewe kama leo. "Yuko hapa kwangu." Nilikuwa nasema boksi, Mwalimu! Nilikuwa nasema Muze!

Nilimshika Muhidin nikamuuliza barua ya Agosti aliipeleka wapi. Akasema wiki ile alipewa safari ya Mpanda, bahasha akampa Evans, dereva mwenzake. Tukamwendea Evans gereji. Aliiweka kwenye droo ya Fuso, Fuso ikafa injini, ikapelekwa Mbeya, imerudi juzi. Barua ilikuwemo bado, chini ya plaizi, imelowa mafuta pembeni. Hujaisoma hata mara moja. Miezi mitatu mimi nimechukua kimya chako kuwa ruhusa, na wewe umechukua changu kuwa ushahidi.

Naiweka humu pamoja na hii. Isome hiyo ya Agosti kwanza.

Saa nne kamili nimezima ile programu, na nimeifuta. Kioo sikukitazama wiki hii yote kwa kumuuguza baba, na sasa naona Muze ameshatolewa kabisa kwenye orodha, tangu Jumanne. Kwa hiyo umebonyeza. Sielewi nini kimekufanya ubonyeze, na simu ya Rozina haipatikani, na tarehe kumi imepita. Na nimekumbuka kitu kingine, Mwalimu, ambacho kinanifanya niandike hovyo hivi. Kuna sheria niliyoiandika mwenyewe ndani ya Daftari: mlinzi wa kituo huhesabiwa yupo, tayari kuitwa, maadamu boksi lake linasema Nipo. Vitus alikuwa mlinzi wa Muze. Nyumbani kwake kumeandikwa Msanzi. Damu yake O hasi.

Niambie hajaitwa. Muhidin anaondoka sasa hivi, nimemwambia asisimame popote.

Husna

*

Msanzi
Jumapili, 24 Novemba 2024

Husna binti yangu,

Aliitwa.

Nimepokea zote mbili na nimesoma ya Agosti kwanza, kama ulivyoagiza. Nimekawia kujibu wiki nzima kwa sababu nyumba ina kazi nyingi. Sasa nakupa habari kwa mpangilio.

Jumanne tarehe 12, saa tatu asubuhi, nilikuwa natengeneza mpini wa jembe. Rozina alikuwa ameshapelekwa kituo cha afya tangu alfajiri na wanawake. Akaja Stanley wa bodaboda, akanipa kikaratasi, maana wote hapa wanajua mimi husemeshwa kwa maandishi. Kiliandikwa: "Vitus anatakiwa kituoni haraka. Mkewe anavuja. Aje kutoa damu."

Nilimwambia Stanley hayupo hapa, yupo Katandala. Nilisema hivyo kwa kinywa changu. Nikapanda nyuma ya pikipiki nikiwa na jembe mkononi, sikujua nimelibeba mpaka tulipofika.

Kuna nesi mpya, Leonia, ameletwa Oktoba kutoka mbali. Alinionyesha simu yake. Daftari lilikuwa limempa jina moja. Vitus, O hasi, Msanzi, kilomita sifuri, yupo. Mhudumu mwenyeji, aliyemfahamu Vitus tangu utotoni, alisimama pale na hakusema kitu. Angesemaje? Mimi ndiye niliyetangaza kisimani na kanisani kwamba yu hai. Na Rozina walimwambia. Walimsomea jina. Leonia aliniandikia baadaye kwamba alitabasamu akasema, "Basi nimngoje," na kila walipotaka kumkimbiza Matai kwa gari alishika kitanda kwa mikono miwili, akasema anakuja, yupo.

Zilikuwa zimepita dakika thelathini na tano.

Leonia akaandika kwenye kiganja chake kwa kalamu, akaninyooshea: "Nimempigia mara tatu. Kimya."

Mara tatu. Husna, sijui nikuelezeje. Kabla ya hapo nilikuwa na mtoto mwizi wa ndoa, mwongo, aliyejificha nyuma ya duka, na nilimpenda mtoto huyo kwa sababu alikuwa anapumua. Lakini nilimtazama Rozina, rangi yake imekwenda, nikakumbuka machela ile na Vitus wa miaka sita ameshika pindo la kanga ya mama yake. Mtoto yule angekuwa hai asingengoja kuitwa mara mbili. Angekuja kutoka kitanda chochote, kwa miguu. Mvulana wangu alikufa Machi. Nilijua pale, nimesimama na jembe.

Stanley alinirudisha nyumbani mbio. Nilibonyeza. Kioo kikauliza, "Una hakika?" kana kwamba mara moja haitoshi. Nikabonyeza tena. Papo hapo Daftari likatoa jina la pili, Alphonce, fundi seremala wa Matai, na kwa kweli alifika na vumbi la mbao kwenye nywele. Mungu ambariki yeye na pikipiki iliyomleta.

Rozina amebaki. Mfuko wa uzazi hawakuweza kuuokoa, hatapata mwingine. Mtoto ni wa kike, mzima, amepewa jina la mama yangu, Bertilla, na analia sana kwa mujibu wa wanaosikia.

Jioni Rozina alizinduka. Mimi husoma midomo kidogo, si sana, lakini neno lake lilikuwa rahisi. "Amefika?" Dada zangu waliangalia chini wote. Lilikuwa jibu langu, mimi ndiye mwenye daftari. Nilisema, "Hayupo." Nadhani nilisema kwa sauti kubwa mno, kwa sababu niliona mlango wa wodi ukifunguliwa. Nikasema tena, "Hayupo, mwanangu. Hayupo tangu Machi." Alinitazama, halafu akageukia ukuta, na mimi nikakaa pale nikimshika mguu kwa juu ya blanketi.

Wewe sikulaumu peke yako. Nilishamkataa mwanangu kufa kabla wewe hujamwitikia. Na kuhusu ile simu ya mvua, nimeisoma. Alikuwa na miaka thelathini na moja, Husna. Mimi mwenyewe nilimwita mwoga wa matope mara mia, na hakuna hata siku moja aliyonisikiliza. Uje Msanzi. Rozina amesema uje, ila amesema usije na maneno mengi.

Misa ya marehemu ilikuwa jana. Kitambaa kilitoka chini ya godoro.

Sasa kuna jambo moja la kiufundi. Nilipobonyeza Muze atolewe, nilidhani atanyamaza. Hakunyamaza. Programu yako ilikuwa bado inaita, na wenzake walikuwa wameshamfuta, kwa hiyo kila sekunde kumi kioo kiliandika: "Muze anabisha hodi. Hayumo kwenye orodha." Nilitoka kituo cha afya, narudi nyumbani, anabisha. Nachemsha uji, anabisha. Siku nne. Wakati ule sikuwa nimesoma barua yako na sikujua ni nani. Nilitandika kanga juu ya kioo, nikaitoa tena, maana nilifikiri, hata mgeni humfungii mlango usoni.

Jumamosi saa nne kamili aliacha. Nimeandika kwenye daftari langu, na umeandika wewe, na saa zetu zinakubaliana.

Lakini kesho yake Jumapili, baada ya misa ya asubuhi, nilikuwa nimekaa pale na mtoto kifuani. Saa tano na dakika ishirini alibisha. Mara moja tu. Nimehesabu dakika nyingi baada ya hapo, hakurudia. Najua utaniambia lilikuwa neno lililokwama Matai, kwamba safari hii ndiyo mwangwi wenyewe, wa kweli. Huenda. Wewe ndiye fundi, na wewe ndiye uliyenifundisha kwamba upande huu hatuna macho.

Mimi ni mwalimu, na mtoto akiitika mahudhurio nilikuwa namjibu, nisimwache amesimama. Niliweka mkono juu ya kioo. Nikamwambia, "Nimekusikia, Vitus. Kaa chini."

Mwalimu Fabiani